Odette hakuacha tofali ya zahabu

Siamini hata sasa, bandugu. Odette, mutoto wa dada yangu, malaria imemubeba kwa siku tatu. Na alikuya paka congé, kupumuzika tu!

Bale hawaniyue: miye njo yomba yake. Miye njo nilimufundisha kuhesabu, na nilikomea primaire ya tano. Ona fasi alifika: labo ya Bulaya! Ba docteur banamungoya aingie, njo baanze kazi.

Siku moja tunakula bukari kwangu Ruashi, nikamuuliza: "Kazi yako ni nini kabisa?"

"Yomba, ukiwasha tochi mbili, mwangaza yao ipitane, inagongana?"

"Hapana."

"Njo vile. Mwangaza haisikie mwenzake. Miye natafuta isikie. Napaka zahabu juu ya kioo, nyembamba kupita ngozi ya kitunguu mara elfu, natoboa matundu yenye jicho haione. Pale mwangaza moja inaweza kuambia ingine: pita, ao simama."

Nilicheka, bukari ikaniingia mu pua. "Kumbe uko polisi wa roulage, wa barabara!"

"Ee yomba, lakini sikule mafranga ya ba chauffeur."

Akaniachia kipande ya ile kioo. Ukiangalia inje nayo, Ruashi yote inakuwa kijani.

Sasa mudomo yangu! Ku bar nilisema mupwa wangu anakata zahabu. Kisha nikasema tofali. Juma ilifuata, tofali mbili, moja iko kwangu. Bantu banapiga makofi, miye naongeza.

Leo ba tantine, badada ya baba yake, bameikala ku mulango yangu tangu asubui. "Yomba, toa tofali ya mutoto wetu. Bila ile, maiti haitoke morgue."

Nilibaonyesha kioo. Mukubwa yao akaiinua ku dirisha: "Zahabu ya kijani? Bongo! Unatudanganya!"

Siku moja nasema kweli, njo ile siku banakatala.

Sitoke. Na Odette hatoke morgue, sababu ya mudomo yangu.

Basi naandika mbele ya bote: nilidanganya. Hakuna tofali. Zahabu ya ile kioo, ukiikwangula yote, haijaze hata tundu ya sindano. Bale mulikuwa ku bar, mukuye mubaambie ba tantine vile nilisema na vile mulicheka. Mukuye leo, tumuzike kesho.

Odette, mama, unisamehe. Bakikutoa, nitatembea nyuma yako, kimya. Lala muzuri, mupwa wangu.