Nyumba Juu ya Ntumba

Isdori alinunua kiwanja chake cha Mazwi mwezi wa Agosti, mwezi ambao kila kiwanja cha Sumbawanga ni kikavu. Kilikuwa bondeni, karibu na kijito, na aliyemuuzia alikisifu kwamba hakina mawe. Ilikuwa kweli. Maji huwa hayaleti mawe pale, huleta tope.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya mjini, yaliyokuwa yamekaa miaka na rafu tupu, yalijaa sabuni, redio na majembe ya kila nchi. Malori ya ushirika yaliacha kupanda kijijini kwao kuchukua mahindi. Yakaja ya wafanyabiashara, kila moja na bei yake na mizani yake. Isdori akaona heri aende mjini na mkewe. Alikuwa na kazi moja tu mikononi, nayo ni kupiga ntumba.

Asiyetoka Ufipa huenda hajui ntumba. Mvua zinapoelekea kwisha na nyasi zikiwa ndefu, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, huyageuza nyasi zikatazama ndani, na kuyapanga kwa duara mpaka litokee tuta lenye umbo la kichuguu. Nyasi huozea humo. Msimu mpya ukifika, tuta hubomolewa, udongo wake hutawanywa shambani, na ulezi hula mbolea hiyo. Makarani na walimu wa mjini, ambao mishahara yao haikuwa ikiufikia mwisho wa mwezi, walikuwa na mashamba pembezoni, na walimwita Isdori awapigie ntumba. Zake zilikuwa za mviringo kiasi kwamba karani mmoja alimwuliza anatumia kamba gani. Hakutumia kamba. Alizunguka.

Nyumba aliijenga kwa matofali mabichi, na uani mkewe, Getruda, alipika pombe ya ulezi. Mahali pale palimfaa Getruda. Kisima hakikuwa mbali, na njia ya watu watokao sokoni ilipita mlangoni. Wateja wake aliwajua kwa majina, kwa wakwe zao na kwa magonjwa yao. Isdori angeweza kuishi popote penye nyasi. Getruda alitaka kuishi pale.

Kisha zikaja mvua zile za Elnino. Maji yaliingia bila hodi, yakakaa sebuleni siku kadhaa, na yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, juu kidogo ya goti. Ulezi wa Getruda uliota ndani ya gunia.

Kwa utaratibu wa zamani wa mipango ya mji, bonde lile lilikuwa la majani, na wakazi wake hawakuwapo. Kwenye ramani hawakuwapo, lakini walikuwa wamelala ukumbini kanisani na magodoro yao, na padri alikuwa anataka ukumbi wake. Kwa hiyo utaratibu ulitazamwa upya. Afisa mipango miji, dada mmoja aliyeitwa Angela, aliitisha mkutano akaueleza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Waliojenga ukingoni mwa kijito watahama. Waliojenga mbali kidogo wanaweza kubaki, ikiwa kabla ya mvua zijazo sakafu zao zitakuwa zimeinuliwa kupita ule mstari wa maji. Asiyeweza atapewa kiwanja Malangali, juu, ambako maji hayafiki. Bonde lenyewe linaweza kuendelea kulimwa.

"Sakafu iinuliwe kwa kitu gani, mama?" aliuliza Isdori.

"Kwa udongo, mzee. Mnajaza, mnashindilia, ndipo mnajenga."

"Udongo," alisema Isdori, akaketi. Hakuwa na swali lingine.

Jioni Getruda alimwambia kuna mwenye lori anauza kifusi.

"Mfipa anunue udongo?" alisema Isdori.

"Watu wananunua, Baba Herieth."

"Waulize hao watu wamezaliwa wapi."

"Mimi sina haja na walikozaliwa. Nataka sakafu isiyolowa. Nikipelekwa Malangali nitaanza upya na watu wasionijua, na umri huu."

"Huendi popote."

Aliibomoa nyumba, wakahamia kwa muda chini ya mabati yaliyoegeshwa. Nyasi za bondeni mwaka ule zilikuwa zimefika kifuani, nene, zimeshiba. Isdori alikata, akageuza, akapanga. Alipiga ntumba moja yenye ukubwa wa nyumba, akaikata kichwa ikawa bapa, akaishindilia kwa mchi.

Jirani yake, Shedrack, alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini na kubaki mjini akiuza maziwa kwa baiskeli. Yeye alikwisha kujaza kifusi cha lori. Alisimamisha baiskeli akatazama.

"Mtani, hapo sebuleni unamlimia nani?"

"Najenga."

"Basi usisahau kupanda maharage."

Isdori alikwisha kuyapanda, pembeni kuzunguka, mizizi ishike udongo. Juu yake akazisimamisha kuta upya.

Mtu anaweza kujiuliza kama hakukumbuka kwamba nyasi huoza. Alikumbuka. Kuoza vizuri ndiyo sifa ya ntumba. Ila katika maisha yake yote hakuwahi kuiona ntumba ikizeeka. Msimu ulipofika aliibomoa, kama baba yake, na kama kila mtu aliyemjua. Ntumba alizijua ujana wao tu.

Kabla ya mvua Angela alipita kukagua, na tepu yake na pimamaji. Sakafu ilikuwa imeupita mstari kwa shibiri nzima. Aliweka pimamaji huku na huku, kipovu kikakaa katikati kila mara.

"Hongera, mzee. Hii imenyooka kuliko ofisi yetu."

"Asante, mama," alisema Isdori. Getruda alitazama pembeni ili asionekane anatabasamu, na kesho yake akaloweka ulezi mwingi kuliko kawaida.

Mvua zikaanza, na ntumba ikanywa. Kwanza sakafu ikawa ya vuguvugu. Wateja waliisifu, wengine walivua viatu. Getruda aligundua kwamba pombe akiiweka ndani huchachuka upesi kuliko zamani, akamshukuru Mungu na kurekebisha siku za kupika. Kisha uyoga ukaota chini ya kitanda. Aliuchuma akaupika, ulikuwa mtamu. Baadaye aliona kwamba dirisha ambalo zamani lilimwonyesha paa la Shedrack sasa linamwonyesha ng'ombe wa Shedrack.

"Baba Herieth, tunashuka."

"Nyumba mpya hukaa," alisema Isdori.

"Inakaa mpaka wapi?"

Usiku Isdori aliweka kiganja sakafuni, kama anavyofanya mtu kwa mtoto mwenye homa.

Jambo la kusifiwa ni kwamba nyumba haikupasuka. Ntumba ya mtu mwingine ingeinama upande mmoja na kuwaangushia ukuta. Ya Isdori ilishuka sawasawa, pande zote pamoja, kama mgeni mwenye adabu anayekaribia kigoda. Februari kijito kilipofurika, maji yaliingia tena. Hayakufika gotini. Yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakasimama hapo bila haraka.

Angela alirudi maji yalipopungua, akikagua nyumba zote za bonde. Kwa Shedrack hakukawia. Kwa Isdori alipima, akapima tena.

"Mzee, mbona kipimo kimebadilika?"

"Kipimo ni kilekile, dada," alisema Shedrack, aliyekuwa ameegemea ua. "Nyumba ndiyo imechoka kusimama."

"Shedrack, kanywe maziwa yako," alisema Getruda.

Angela alichuchumaa. "Mlijaza nini humu chini?"

"Udongo," alisema Isdori.

"Udongo mtupu?"

Getruda alimtazama mumewe. Palikuwa na jibu fupi ambalo lingewapa pengine mwaka mmoja zaidi. Mafuriko yalikuwa yameharibu mengi, na hakuna ambaye angefukua kuhakikisha.

"Na majani," alisema Isdori.

"Majani gani?"

"Mazuri. Ya kando ya kijito."

"Mengi?"

"Ntumba haipigwi kwa majani machache, mama."

Angela alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini, na ntumba alizijua. Alikunja tepu taratibu.

"Mzee. Umejenga nyumba juu ya ntumba."

"Ndiyo."

"Si hubomolewa?"

"Hubomolewa," alikiri Isdori.

Hakuna aliyecheka, hata Shedrack. Angela alisema atawapa hadi mvua zijazo. Wanaweza kubomoa, kuondoa ule udongo wote na kujaza kifusi. Au kile kiwanja cha Malangali bado kipo. Wachague.

Isdori alichagua palepale, moyoni. Asubuhi alitoka na jembe. Alianza kulichimba tope lililoziba mlango, na Getruda alimtazama kutoka jikoni: anachimba kidogo, anasimama, anashika kiuno, anajifanya anatazama mawingu. Anga ilikuwa nyeupe, haina wingu.

"Tunakwenda Malangali," alisema Getruda.

"Nilikuambia huendi popote."

"Nimesikia. Mgongo wako nao una msimu wake."

"Naweza kupiga nyingine. Bila majani."

"Bila majani hujui kupiga. Ingia unywe uji."

Mwaka ule utaratibu wa ujenzi bondeni ulirekebishwa mara nyingine, ukaongezwa sentensi moja: ujazo wa chini ya sakafu uwe kifusi au changarawe, usiwe na nyasi, majani wala mmea wa aina yoyote. Iliposomwa mkutanoni, kijana mmoja wa mtaa mwingine aliuliza kwa sauti ni mjinga gani angejenga nyumba juu ya nyasi. Watu wa Mazwi walitazama viatu vyao.

"Imeandikwa vizuri," alisema Isdori.

Nyumba ya bondeni aliibomoa mwenyewe, polepole, na ntumba akaitawanya. Ulezi ulioota pale ulimfika mtu begani, na Shedrack aliwafukuza ng'ombe wake hapo msimu mzima bila kuombwa.

Malangali walijenga nyumba ndogo mtelemkoni, upepo mwingi, jirani zao wakulima waliotoka asubuhi na kurudi wamechoka. Siku ya kwanza ya pombe Getruda alifagia ua, akafunika chungu, akakaa. Watu walipita. Walisema habari za hapa, wakaambiwa nzuri, wakaendelea na safari. Wale wa Mazwi hawakuja. Mlima ni mlima, na bondeni kulikuwa na mwingine aliyekwisha kuanza kupika.

Jua lilipokuwa utosini Isdori alitoka akasimama barabarani. Hakuwa mtu wa maneno. Aliyepita alimwambia, "Mke wangu amepika," kana kwamba anatoa taarifa ya msiba. Wengine walimpa pole.

Mwishowe mwanamke mmoja mwenye jembe begani alisimama.

"Amepika nini, mzee?"

"Pombe."

"Ya ulezi, au imechanganywa mahindi?"

"Ya ulezi mtupu."

"Anaitwa nani huyo mkeo?"

"Getruda."

"Mwambie anionjeshe."

Getruda, nyuma ya mlango, alikuwa amesikia kila neno. Kata ya kuchotea alikuwa nayo mkononi tangu asubuhi. Hakutoka. Aliifuta upya, akaigeuza, akaifuta tena, akamwacha mgeni angoje kidogo, kama mtu mwenye wateja wengine ndani.