Ng'ambo Yangu Ilikuwa Tunduma

Baba mdogo Yakobo alisema nitaishia Tunduma. Aliyasema hayo mbele ya watu, tukimenya kahawa, kwamba mtoto aliyerudia darasa la saba hawezi kupeleka Injili nchi ya watu, "akiliona tu geti la mpaka atakumbuka ugali wa mama yake." Wengine walisema Kiingereza kitanishinda, wengine kwamba mke wangu Tabitha atanikimbia kabla ya mwezi kwisha. Wote walikosea, maana leo nina stashahada ya theolojia ndani ya fremu ya kioo, nimehubiri kwa Kibemba mpaka wachimbaji wa shaba wakalia, na Tabitha bado ananifokea kila asubuhi. Ila Yakobo hakukosea moja kwa moja. Kwa siku ishirini na mbili alikuwa sahihi, na siku hizo ndizo ambazo mpaka leo nikizikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Kanisa letu lilikuwa limenichagua kwenda Zambia, kwenye miji ya migodi, pamoja na Tabitha na binti yetu Neema wa miaka mitano. Safari ilikuwa ya miaka sita, na baba alikuwa na kifua kibaya, kwa hiyo tukapewa wiki tatu za kukaa na wazazi Iyula kabla ya kuondoka. Baba hakuomba kingine, alitaka tukae naye tu. Ilikuwa mwezi wa sita, kahawa iko kwenye vichanja inakauka, na kila asubuhi yeye na Neema walisimama pale wakichambua zilizoharibika, akimfundisha kuhesabu kwa Kinyiha. Mimi nilikaa nao siku mbili (tatu, ukihesabu ile ya mvua). Siku zilizobaki nilizunguka kuagwa: kijiji cha Hasamba walinichinjia kuku, kile cha Mbebe nilihubiri mpaka watoto wakasinzia, na kila mahali nilipenda kusikia nikiitwa mmisionari. Nikirudi baba ananiambia, "Basi kesho, mwanangu," nami najibu kesho.

Nguo zangu zilikuwa za aibu, nikaazima. Mwalimu wa shule ya kijiji alinipa sanduku lake la bati. Yakobo alinipa viatu vyake vyeusi, akasema vinajua njia ya kurudi hata kama mimi siijui. Baba alivua koti lake la sufu, lile moja alilokuwa nalo, akanivika mwenyewe na kufunga vifungo vyote kana kwamba mimi ndiye Neema.

Sasa kwetu msafiri wa mbali huagwa kwa maji. Mzazi humwaga maji ya kibuyu kizingitini, unayaruka, hutazami nyuma, na huonekani tena mlangoni pale mpaka safari iishe. Aliyeyaruka akarudia njiani wanasema ameleta mkosi. Mimi mwinjilisti nilikuwa nimeipinga desturi hiyo kanisani mara nyingi, lakini zamu yangu ilipofika niliruka juu kuliko wote na akina mama wakapiga vigelegele.

Tulipofika Tunduma ofisa wa mpakani alipekua karatasi zetu, akasema kibali cha upande wa pili hakijafika, turudi wiki ijayo. Hapo ndipo penye kosa langu, na lilikuwa dogo kweli. Lori lililotuleta lilikuwa bado limesimama, dereva anakunywa chai, jioni anarudi kwetu. Tabitha akasema, "Baba Neema, turudi tukasubiri kwa baba." Nikamwambia tumeshayaruka maji. Alinitazama tu, maana alikuwa amenisikia nikihubiri dhidi ya desturi hiyohiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwona Yakobo akicheka.

Nikapanga chumba kwa Mzee Salumu, msafirishaji mwenye malori mawili, mtu wa Tanga, Mwislamu mpole sana. Balozi wa nyumba kumi alipouliza wageni ni akina nani, nikasema mimi mfanyabiashara wa maharage. Ikabidi nidanganye pia kuhusu hayo maharage yako wapi. Watu wa Iyula walikuwa wakija Tunduma kutafuta sabuni, maana kule dukani kulikuwa hakuna, kwa hiyo nilimfungia Neema ndani na mimi nikawa naenda chooni nimejitanda shuka kichwani kama mwali. Wiki ya kwanza ikapita, kibali hakuna. Wiki ya pili nikawaza kwamba nyumbani watakuwa wanasubiri barua, nikaandika kwamba tumefika salama, kwamba mjini kwetu taa za barabarani zinawaka usiku kucha na watu wanatuita Baba Mchungaji, nikampa dereva aliyetoka ng'ambo aifikishe.

Mzee Salumu hakuwa mjinga. Siku moja akanikuta uani akaniuliza nyumbani kwetu hasa ni wapi, nikajikuta nimesema Iyula.

"Una wazazi?"

"Ninao wote."

"Kesho lori langu linapita huko. Panda, sitaki nauli. Kibali husubiriwa, mzazi hasubirishwi, mwanangu."

Nikamwambia nitafikiria. Asubuhi lori liliondoka bila mimi.

Siku ya ishirini na mbili Tabitha alikuwa na homa, nikachukua ndoo kwenda bombani na Neema akanifuata. Baridi ilikuwa kali, nimevaa koti la baba. Tuko kwenye foleni, mara Neema akachomoka akipiga kelele, "Shangazi!" Nikageuka nikamwona dada yangu Esta, miguu imejaa vumbi, ana karatasi mkononi, anauliza kila dereva kama anakwenda migodini. Alimnyanyua Neema. Kisha akanitazama, akatazama ndoo, akatazama koti.

"Kaka, umerudi lini?"

Nikasema, "Sijaenda."

Akanipa ile karatasi, kwa kuwa ilikuwa yangu. Baba alikuwa amefariki jana yake asubuhi. Esta hakulia. Aliniambia taratibu kwamba aliugua siku tisa, na walipotaka kuniita aliwakataza, akasema nisisumbuliwe, niko mbali, niko kwenye kazi ya Mungu.

Mzee Salumu alitoa lori bila kuuliza neno. Tulifika msiba umejaa, na mzee wa kanisa aliponiona alisimama akainua mikono, akaanza kumshukuru Bwana aliyemfikisha mtumishi wake kutoka migodini kwa siku moja tu. Watu wakaitikia amina. Nami, mnisamehe, niliinamisha kichwa kama mtu aliyechoka kwa safari ndefu.

Esta akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwacheni mwenyewe aseme alikotoka."

Yakobo akaingia ndani, akatoka na barua yangu. Baba alikuwa akiiweka chini ya mto, na jirani alimsomea mpaka akaijua kwa moyo. Yakobo akanikabidhi: "Isome, na sisi tusikie." Nikaanza. Nilisoma tumefika salama, nikasoma kuhusu mji, nilipofika kwenye taa zinazowaka usiku kucha nikaikunja barua. Nikawaambia nilikuwa Tunduma. Siku zote hizo nilikuwa Tunduma, kwenye chumba cha kupanga. Watu mia na zaidi wakanitazama, na nilisikia mtu nyuma akiguna.

Nilimgojea Yakobo acheke. Hakucheka. "Nilisema Tunduma," alisema, "lakini sikutaka iwe kweli."

Mama ndiye aliyenimaliza, na wala hakunigombeza. Aligusa mkono wa koti akasema baridi ilipomzidi baba walimfunika magunia ya kahawa, maana akiulizwa koti aliwajibu liko Zambia.

Kanisa lilinisimamisha miezi sita, nikastahili. Baadaye tulivuka kweli, na ile stashahada niliisomea hukohuko, kwa hasira zaidi kuliko akili. Niliporudi baada ya miaka sita jambo la kwanza lilikuwa kuwalipa walioniazima. Mwalimu nilimpa sanduku jipya. Yakobo nilimletea viatu vya ngozi, akavivaa hapohapo, akasema vinambana, na jioni alikuwa bado anavyo.

Koti nililipeleka kwa mama, limefuliwa na kukunjwa. Hakulipokea. Alikuwa kwenye vichanja, akasema, "Hilo hukuazima kwangu. Kahawa imetandazwa, kaa." Nikalivaa, nikasimama mahali baba alipokuwa akisimama, na Neema akaja, binti wa miaka kumi na mmoja, akaanza kuchambua. Alifika tatu kwa Kinyiha akakwama. Mama akamtajia nne. Walikuwa wakiniita kanisani nikatoe salamu za ng'ambo. Nikawatumia neno kwamba sitakuja leo, wala kesho, mpaka kahawa ikauke.