Kabugho Anawasalimia Akina Biira

Nina wivu, na leo siufichi.

Bosi wa redio yetu amenituma soko la Bwera na fomu, niulize watu wanapenda mtangazaji gani wa asubuhi.

Mimi nasoma habari saa moja. Kabugho ananifuata na kipindi cha salamu.
Salamu tu, jamani!

Muuza maharagwe hakufikiri hata kidogo. "Kabugho. Ananisalimiaga kila siku."

Mnajuana?

"Hapana. Lakini anasemaga, 'Biira wangu wa sokoni, umeamkaje?' Ni mimi huyo."

Muuza nyanya akaruka: "Wewe? Biira ni mimi!"

Wa samaki akaweka kisu chini. "Muache uongo. Ni mimi."

Kwetu Wakonzo binti wa pili huitwa Biira. Soko limejaa akina Biira, na kila mmoja anaamini salamu ni yake peke yake.
Ujanja gani huu? Mbona mimi sikuufikiria?

Nikaenda meza ya mwisho, ya vitenge. Hapo nilikuwa na uhakika wa kura moja, maana muuzaji ni mama yangu mzazi.

Akaangalia fomu. Akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Andika Kabugho."

Mama!

"Baluku, mimi pia ni Biira. Miaka yote uko kwa redio, ulinisalimia siku gani?"

Nimeandika Kabugho.

Kesho habari zitachelewa dakika moja. Akina Biira, mlio humu msinicheke. Na wewe Kabugho, usiguse hii posti.