Tambi za Bologna

Juzi nilikuwa Bologna, Italia, nikaona tambi mbichi zimeanikwa kwenye dirisha la duka. Nikasikia harufu ya iliki, na iliki haikuwapo.

Ilikuwa harufu ya chumba chetu cha Troyeville, nchini kwao baba, mchana ule alipotamani tambi. Alisoma Bologna alipokuwa uhamishoni, kabla hajafika Morogoro akamuoa mama. Sasa alilala kwenye sofa, amekonda, anakohoa. Mama alizipika kama zinavyopikwa kwao, kwa tui, sukari na iliki. Nyumba nzima ikanukia sikukuu.

“Ndivyo wanavyopika huko?” mama aliuliza.

“Eish, Mama Thandi, hivi hivi kabisa.”

Kisha akanigeukia mimi. “Ukifika Bologna, mwanangu, usile uwanjani wanakokaa wageni. Pita nyuma ya soko. Ukiona wauza mboga wanakula mahali, kaa hapo.”

Nilidhani tunasafiri. Nikakimbia kutia viatu vya shule kwenye begi, nikaketi mlangoni kumsubiri. Mama aliponiona aligeukia sinki akafungulia maji, na wala hakuwa na chombo cha kuosha. Baba alikula taratibu, akamaliza sahani yote. Kabla baridi haijaisha tulimzika.

Basi juzi nilipita nyuma ya soko, nikakaa walipokaa wauza mboga. Tambi zikaja na nyama na chumvi, hazifanani hata kidogo na zile za mama. Nikamwomba mhudumu sukari. Alidhani nimekosea, nikarudia. Nikanyunyiza, nikala taratibu, nikamaliza sahani yote.