Unyenyekevu wa Fundi Risiti

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi makochi, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Risiti. Jina hilo alipewa na rafiki yake Pacha, siku alipomwandikia risiti mteja aliyeleta stuli moja tu ibadilishwe kitambaa. Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. "Kesho nikikuazima nyundo utaniandikia risiti," akamwambia, na jina likamganda tangu hapo.

Mimi nashona mito na vitambaa vya makochi. Kibanda changu kiko katikati ya vibanda vyao, kwa hiyo utani wa hao wawili umepita juu ya kichwa changu miaka na miaka. Si pacha wa kuzaliwa. Walijifunza kazi kwa fundi mmoja, wakalala ujana wao wote juu ya mabaki ya sponji, wakaoa mwaka mmoja. Rafiki aliitwa Pacha kwa sababu ukimtafuta mmoja ulimpata mwingine. Fundi makochi huweka misumari midogo mdomoni anapofanya kazi, aichukue mmoja mmoja kwa nyundo yenye sumaku, basi mchana kutwa walikuwa wanaongea puani, na walielewana. Mimi nilikuwa naambulia "mm" na "mm-mm" nikidhani ni ng'ombe wanaulizana habari.

Walichokuwa hawaelewani ni kodi. Risiti alilipa kodi kama mtu anayekwenda ibadani. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa shida kwenye zahanati ya serikali, muuguzi mmoja akakesha na dada yangu mpaka mtoto akalia, na Risiti hakusahau. Ukimcheka atakuuliza, "Yule muuguzi alilipwa na nani? Si na mimi na wewe?" Pacha naye atajibu, "Na barabara ya jumba la vioo imewekwa lami na nani? Si na wewe peke yako? Jumba lenyewe halijatoa hata senti." Hapo Risiti hurudisha misumari mdomoni, kwa sababu anajua mwenzake hakosei.

Jumba la vioo lipo ng'ambo ya barabara, mkabala na vibanda vyetu. Linauza makochi yaliyoletwa kwa meli, yamefungwa nailoni, mengine yana sehemu ya kuwekea glasi. Mwenye jumba alisamehewa kodi miaka kumi kwa kuwa ni mwekezaji. Sisi tunaonunua uzi kwa rejareja si wawekezaji, sijui sisi ni nini. Kochi lake liliuzwa karibu bei moja na kochi la Risiti la mbao ngumu, na watu wakawa wanaingia kule kwa sababu kuna kiyoyozi.

Sasa ikatangazwa kwamba kutakuwa na kikao cha wananchi cha kutoa maoni juu ya kodi ya haki. Walimwita Risiti awasemee mafundi makochi, maana katika mtaa mzima ofisi ya kodi ilikuwa inamjua yeye tu. Akafurahi kama bwana harusi. Alikuwa na swali moja, na alilifanyia mazoezi wiki nzima huku misumari iko mdomoni: kwa nini fundi wa kibanda alipe na jumba la vioo lisilipe? Dada alimpigia shati pasi. Pacha alimwazima viatu vyake vya ngozi.

"Uliza kwa niaba yangu," Pacha akamwambia. "Mimi nikifungua mdomo pale nitatukana, wanifunge bure."

"Nitauliza. Wewe jua nitauliza," Risiti akasema.

Ukumbi ulijaa, ila Pacha alibaki kibandani kwake. Nilikaa na dada safu ya nyuma, karibu na mlango, na mwanzoni hata mimi nilipata moyo, kwa sababu watu walisema. Mwalimu mmoja mwanamke alisimama na kuuliza, "Mimi nakatwa kodi kabla sijauona mshahara. Nikienda dukani nakatwa tena kwenye sabuni na mafuta. Mwenye nyumba kumi za kupangisha anakatwa wapi?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenye jumba, aliyekaa mbele, hakukasirika. Ana sauti ya upole yule mtu, ndiyo inayoniudhi. Alisema ameajiri vijana wetu, analisha familia zetu, na akibanwa sana mtaji unaweza kuhama kesho asubuhi, lakini vijana hawawezi kuhama nao. Watu wakatazamana. Hakuna aliyepiga makofi, ila hakuna aliyembishia pia.

Ndipo afisa wa kodi, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akasema tatizo si nani anasamehewa, tatizo ni kwamba wanaolipa ni wachache mno. Akamwita Risiti mbele. Akampa mkono, akampa cheti chenye fremu cha mlipakodi wa mfano, akamgeuza apigwe picha. Kisha akamuuliza kwa kipaza sauti kwa mwezi anauza kiasi gani.

Jamani, mtu angesema faida. Mtu angetoa kwanza mbao, sponji, kitambaa, gundi, pango la kibanda. Risiti alitaja mauzo yote, mazima, kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha. Na mauzo yake yalikuwa makubwa kuliko ya fundi yeyote mtaani, kwa sababu mahoteli na maofisi yalimfuata yeye kwa ajili ya zile risiti zake. Watu wakapiga miluzi. Mmoja akapayuka, "Kumbe makochi yanalipa hivyo!" Mwenye jumba akageuka akamtazama vizuri.

Shemeji yangu aliona haya. Amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akisifiwa mbele za watu hujishusha. Akainamisha kichwa na kusema, "Si mimi peke yangu, mama. Mimi si lolote. Kila fundi pale mtaani anafanya kama mimi, na wengine wananizidi."

Ilikuwa adabu tu. Mgeni akisifu chakula chako utasema hakuna kitu hapo, ni majani tu. Kila mtu anajua usemi huo hauhesabiwi. Lakini mama mwenye miwani alikuwa kazini, na nilimwona akiinama na kuandika. Dada alinifinya paja. Risiti alipoinua kichwa sasa aulize swali lake, mama alikuwa ameshasema asante, muda umetubana, na makofi yakapigwa. Akarudi kukaa na cheti mapajani na swali limemkwama tumboni.

Tukarudi nyumbani. Dada akavua viatu na kusema, "Ulipanda kule kuuliza swali moja tu, umeshuka na picha ya ukutani."

Haikuchukua muda. Makadirio mapya yalikuja, karatasi kwa kila kibanda, na kila karatasi ilikuwa na kiwango kimoja, wanachokiita kiwango cha mtaa. Kilikuwa kimechukuliwa kwenye mauzo aliyoyataja Risiti ukumbini. Mimi mwenye cherehani moja nilikuwa nimekadiriwa kama anayevalisha makochi ya hoteli. Nilicheka kwanza, kisha nikakaa juu ya marobota ya kitambaa. Pacha, ambaye kazi yake ilikuwa viti vya watu wa kawaida, mguu uliovunjika, sponji iliyobonyea, alikadiriwa kiasi ambacho asingekipata hata kama angeacha kula.

Alikuja na karatasi yake mkononi. Risiti alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari imejaa mdomoni.

"Ulisema nakuzidi?" Pacha aliuliza.

Risiti akajibu puani, kama walivyozoea. Safari hii Pacha hakumwelewa, au hakutaka kumwelewa. Akangoja. Shemeji ikabidi ateme misumari yote kiganjani, na mate yake.

"Nilikuwa nakuheshimu, ndugu yangu."

"Heshima yenyewe hii hapa, wameipiga muhuri," Pacha akasema, akamwonyesha karatasi. "Na swali langu? Uliliuliza?"

Risiti akatazama misumari kiganjani. Mimi nilisimamisha cherehani, nikatamani mmoja wao apige kelele, avunje kitu, amshike mwenzake shati. Ugomvi unasuluhishwa. Pacha alikunja karatasi yake taratibu na kurudi kibandani kwake.

Msidhani shemeji alikaa tu. Alikwenda ofisi ya kodi, akarudi, akaenda tena, na mara moja nilimsindikiza. Mama mwenye miwani alitukaribisha viti, na sina baya la kusema juu yake, alikuwa na adabu zake. Risiti akamweleza kuwa yale yalikuwa maneno ya unyenyekevu, kwamba wenzake hawapati nusu wala robo.

"Mzee wangu, ulisema mbele ya ukumbi mzima," mama akamjibu. "Leo unasema kingine. Nikuamini wapi? Huyo mwenzako ana risiti za mauzo yake nizione?"

Pacha hakuwahi kuandika risiti hata moja maishani. Mteja wake alilipa mkono kwa mkono, pengine kwa gunia la mkaa.

"Basi na jumba la vioo?" shemeji akauliza. Swali lenyewe hatimaye lilimtoka, ndani ya ofisi, mlango umefungwa, mimi tu nikiwa shahidi.

"Hiyo ni sera," mama akasema, na nadhani hata yeye hakufurahi kulitamka neno hilo. "Sera haiko mezani kwangu. Mezani kwangu mpo nyinyi."

Tulipotoka nilitukana barabara nzima. Shemeji hakunizuia.

Vibanda vikaanza kufungwa. Fundi mmoja alirudi kwao, mwingine akahamia uchochoroni anakofanya kazi kwa kujificha, akisikia pikipiki ya watu wa kodi anafunika kochi kwa turubai. Hakuna aliyemtukana Risiti usoni, ila salamu zilipungua urefu. Pacha aliuza vifaa vyake vyote kwa mnunua vyuma chakavu, hakumuuliza rafiki yake kama anataka kununua. Jioni ile Risiti alimfuata mnunua vyuma na kukomboa nyundo peke yake, ile yenye sumaku, ambayo Pacha aliizungushia mpini mpira wa tairi la baiskeli. Akaitia kwenye mfuko wake wa kazi. "Nitampa siku akipoa," alituambia. Ikawa inakwenda kazini na kurudi, haipigi msumari.

Pacha akaajiriwa askari wa getini. Geti lenyewe la jumba la vioo, kwani kazi nyingine ilikuwa wapi? Sasa na yeye analipa kodi. Mshahara wake unakatwa kabla haujamfikia, na tajiri anayemlipa anatazama mawingu. Nikiwaza hilo nakosa usingizi, nagombana na ukuta.

Na mtaa uliobaki na mafundi wawili watatu haupiti mteja. Mahoteli nayo yalivuka barabara. Ndiyo maana mwenye jumba alipotuma mtu kuuliza nani anaweza kurekebisha makochi yaliyochanika melini, shemeji alikubali. Dada alimfungia chakula. Mimi nilikwenda kushona. Tulifanya kazi kwenye bohari la nyuma, kwenye joto, kiyoyozi ni cha wateja. Asubuhi tulipoingia getini alikuwapo askari mwingine. Jioni tulipotoka tulimkuta Pacha, ndani ya sare iliyompwaya mabega.

"Hujambo, Pacha," shemeji akasema.

"Mifuko," Pacha akasema.

Akaupekua wangu, mikasi na uzi. Akaupekua wa Risiti, akatoa koleo, akatoa patasi, akatia mkono chini kabisa na kutoa nyundo. Aliijua kabla haijatoka yote. Alipitisha kidole gumba juu ya ule mpira wa tairi, na mimi nikasema moyoni, ndiyo siku yenyewe hii, sasa atacheka.

"Hii ina risiti?" akauliza.

Mtu aliyeandika risiti ya stuli alijipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. Mnunua vyuma haandikii watu risiti.

"Sina," akasema. "Pacha, ni yako. Nilikuwekea wewe."

"Najua ni ya nani. Kitu kisicho na risiti hakitoki hapa. Ndiyo sheria ya jumba."

Hakusema kwa hasira. Laiti ningesikia hasira ningeshukuru. Aliiweka kwenye sanduku la mbao chini ya meza yake, pamoja na miavuli na taa za mkononi za watu wengine, akafunga kifuniko. Gari la mwenye jumba lilikuwa limefika nyuma yetu, linapiga honi tupishe. Pacha akatusogeza kwa mkono, akafungua geti, akapiga saluti. Shemeji alisimama kando ya barabara mpaka vumbi likatulia, kisha akanipokea mfuko wangu, tukavuka kwenda nyumbani.