Gari la Bwana Miwati Lililolaza Pua

Nyie wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Sisi ni wale tuliokulia Makambako wakati wa Mwingereza, gari likinguruma kwa mbali mtu anaacha jembe shambani, na mpaka lifike njia panda sisi watoto tumekwisha kubishana kama ni lori au basi, na aliyekosea amekwisha kula konzi. Asubuhi baridi iling'ata masikio. Tulipewa viazi vya kuchemsha, kimoja cha kula njiani na viwili vya kutia mfukoni vya kupashia mikono, na hivyo vya mfukoni ndivyo tulivyokuja kuvila shuleni vikiwa vimepoa na vimejaa nyuzi za sweta. Wajukuu wangu nikiwaambia hivyo wanakunja pua. Wakunje tu. Hakuna aliyekufa.

Tulicheza rede mpaka mama akaita mara tatu, na ya tatu ilikuja na fimbo. Tulichonga magari ya mianzi tukayashusha mlimani, na mimi, ingawa msichana, gari langu lilikuwa linashinda ya wavulana. Lazima lishinde. Nilikuwa mtoto wa fundi.

Baba alikuwa fundi wa malori. Gereji yake ilikuwa uani kwetu, paa la bati lenye nguzo nne, mvukuto wa kuchochea moto, na vyuma vya springi vilivyopangwa ukutani kama vyombo vya mama jikoni. Lori lililovunjika mgongo aliliinua likaenda zake. Lakini mafundi wa Njombe mjini, waliokuwa na gereji yenye sakafu ya saruji, walikuwa na maneno. Walisema, "Yule wa Makambako mpelekee lori na jembe. Gari la maana lete huku." Maneno hayo yalimfikia baba, na yalimkaa rohoni. Kila akiwa anapiga chuma nilimsikia akinung'unika, "Lori na jembe, eti."

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu, mwenye mvi na miguu mirefu kama ya korongo, aliyesimamia shamba la miti ya miwati upande wa Njombe. Watu walimwita Bwana Miwati. Mzee yule, sijui alipatwa na nini, akaenda Dar es Salaam akarudi na kigari cha michezo, chekundu, kikuukuu lakini kinang'aa, hakina paa, kina viti viwili tu, na kifupi kiasi kwamba akiketi magoti yanakaribia masikio. Mama alipokiona mara ya kwanza aliuliza kama kipande kilichobaki kinakuja kesho.

Ubaya wa gari lile ulikuwa mbele. Springi za mbele zilikuwa zimechoka, pua imelala kama ya mbwa anayenusa. Na barabara yetu mnaikumbuka: malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, katikati pamebaki tuta refu gumu. Lori linapita juu ya tuta hilo bila habari. Kigari cha Bwana Miwati kilipita kikilikwangua kwa tumbo njia nzima. Siku moja kilifika kwetu kikiwa kimetoboka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inadondoka, na mzee amevimba kwa hasira. Mafundi wa Njombe walikuwa wamekwisha kukishika mara mbili wakashindwa.

"Fundi," akamwambia baba, "wewe nyanyua mbele yake. Mimi nakwenda shamba kwa lori, Jumamosi narudi. Kama tumbo haigusi chini, wewe utakaa hapa kando yangu mpaka Njombe. Tutapita mbele ya gereji ile pole pole sana."

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, mikono ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. Nilijua amefurahi.

Nami nilikuwa na yangu. Jumatatu baada ya Jumamosi hiyo nilikuwa naanza shule ya bweni ya misheni kule Njombe. Wakati huo mwanafunzi alikwenda kwa miguu, siku mbili, sanduku kichwani. Nilisikia neno moja tu katika maneno ya mzee: Njombe. Nikatoka mbio mpaka kwa Tabita, rafiki yangu, naye alikuwa anaanza shule hiyo hiyo, nikamwambia, "Wewe tembea. Mimi Jumamosi naingia Njombe kwa gari jekundu." Tabita akasema mwongo mkubwa. Nikaapa mbele ya watoto wote wa mtaa. Viti viwili sikuvihesabu. Mtoto anayejisifu hahesabu.

Basi baba akaanza. Springi mpya hakuna, kwa hiyo alitengeneza pete mbili nene za chuma za kutia juu ya springi zile zilizochoka. Jumatatu akalinyanyua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, akafungua, akatia pete, akakaza kila boliti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akashusha. Alikuwa na kijiti chake cha kupimia alichokichonga alama kwa kisu, anakisimamisha chini, alama inatakiwa ifike ukingo wa bampa. Bampa ikapita alama! Pua imeinuka, gari linaangalia mbinguni. Tukapiga vigelegele. Baba akaliendesha kidogo upande wa kijiji cha Mahongole, akarudi akitikisa kichwa. Taa zilikuwa zinamulika vichwa vya miti, na kila akikata kona gari liliyumba kando kama linataka kwenda kwa ndugu zake.

Jumanne akasema, "Nimeelewa kosa. Gari hukazwa likiwa na mzigo." Ndivyo malori yalivyofanywa kwetu. Lori halikuwahi kuonekana tupu, basi hata kulitengeneza ulilitengeneza limebeba. Baba akalegeza boliti zote, akapakia magunia matatu ya mahindi juu ya boneti ya kigari cha michezo. Magunia matatu, jamani! Lile gari liliguna. Akakaza kila kitu hivyo hivyo, akashusha magunia, akasimama nyuma ya gari mikono kiunoni akingoja liinuke. Liliinuka kidogo, likachoka, likabaki pale pale limelaza pua kuliko lilivyokuja.

Jioni ile baba hakula. Tabita alipita uani kwetu makusudi, akalitazama gari, akatuamkia "Kamwene" kwa adabu zote, akaondoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni mama. Jumatano alikuwa anajifunga kibwebwe aende shambani, amesimama mlangoni anamtazama baba aliyekaa juu ya gudumu kuukuu kama mfiwa. Akasema, "Baba Yudita, hivi mimi nikijifunga kibwebwe nimechuchumaa, nikisimama kitakuwaje?"

"Sina nafasi ya vibwebwe, mama."

"Kitalegea. Na nikijifunga nimejinyoosha kuchuma matunda, nikiinama kitanikaba. Nakifunga nikiwa nimesimama nitakavyotembea. Wewe juzi ulilifunga limening'inia, jana ukalifunga limepigishwa magoti. Lini utalifunga likiwa limesimama?"

Baba akaruka. Nawaambia aliruka, mtu mzima yule. Zile bushi za mpira kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu, alinieleza baadaye, hushika pale pale zilipokazwa na hukataa kusogea. Ukizikaza gari likiwa juu, zinalivutia juu. Ukizikaza likiwa limekandamizwa, zinalivutia chini. Zinatakiwa zikazwe gari likiwa chini kwa magurudumu yake, na watu wake ndani.

"Watu wake ni wawili," akasema baba. "Bwana na mimi. Lakini mimi nitakuwa chini nakaza. Mama Yudita, ingia kiti cha bwana."

"Mimi? Mimi na yule korongo tuko sawa?"

"Yeye mrefu, wewe mpana. Uzito mmoja."

Mama alisonya sonyo iliyosikika mpaka kisimani, lakini aliingia. Akashika usukani kwa mikono miwili, kibwebwe kiunoni, jembe kaliweka kando ya mlango, macho mbele kama anayeenda Iringa kwa shughuli zake. Mimi nikawekwa kiti cha pili. Baba alilisukuma gari mbele na nyuma mara kadhaa magurudumu yatulie, akajilaza chini, akaanza kukaza. Tulikaa humo mpaka jua likawa kali. Majirani walikuja kutuamkia kama tunaoondoka. Nikamwona Tabita kwenye uzio, nikampungia mkono taratibu, mkono wa mtu wa garini.

Baba alipotoka chini akasimamisha kijiti. Alama na bampa vilikutana kabisa. Akaliendesha mpaka Mahongole na kurudi, juu ya lile tuta, na alipozima injini alikuwa anacheka peke yake. Tumbo halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Jumamosi asubuhi Bwana Miwati akashuka kwenye lori. Alilizunguka gari, akapiga magoti akachungulia chini, akamshika baba mkono. Nami nilikuwa tayari zamani, nimepakwa mafuta usoni mpaka nang'aa, nimekalia sanduku langu la mbao. Ndipo baba akatoka ndani. Amevaa koti lake la kanisani, jeusi, na viatu. Amechana nywele. Sijawahi kumwona baba amependeza vile siku isiyokuwa Jumapili.

Hapo ndipo nilipohesabu viti.

Sikulia kwa sauti. Machozi yalinitoka tu, yakateleza juu ya yale mafuta, na nje ya uzio watoto wote wa mtaa walikuwa wamejipanga, Tabita mbele yao. Baba alikuwa amekwisha kufungua kile kimlango. Akanitazama. Akautazama uzio.

"Bwana," akasema, "kuna jambo nimesahau. Gari hili nimelikaza mtoto huyu akiwa ameketi. Limeshika uzito wake. Nikiketi mimi, pua italala tena. Lazima aende yeye. Umshushe misheni kwa walimu."

Bwana Miwati alimtazama baba, akatazama koti, akatazama viatu. Akakohoa. "Fundi ndiye anajua," akasema.

Nikaingia. Mwenzangu, nilijiona wa lazima! Si kwa hisani, ni kwa ufundi: bila mimi gari haliendi. Sanduku halikupata pa kukaa, baba akasema atalileta mwenyewe. Tuliondoka kwa vumbi na makelele. Njia nzima nilikaa bila kujigeuza, nisije nikaharibu kipimo cha baba. Tulipofika Njombe, Bwana Miwati akapunguza mwendo mbele ya gereji ya saruji mpaka tukawa tunatambaa, mafundi wakatoka mmoja mmoja na spana mikononi. Nikawapungia ule mkono wangu wa garini.

Baba alifika misheni Jumapili jioni. Koti jeusi limekuwa la rangi ya udongo, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba, sanduku begani. Hakuniuliza nimelala wapi wala nimekula nini. Aliuliza, "Liligusa?"

"Halikugusa, baba."

"Hata pale mtoni?"

"Hata pale."

Akacheka, akalitua sanduku, akageuka kurudi.

Mambo ya siku hizi mnayaona wenyewe. Mjukuu wangu ana gari, na gari lenyewe lilitoka kiwandani likiwa juu vizuri, yeye akamlipa mtu akate springi ili lilale chini. Chini! Eti ndiyo mtindo. Kila tuta la lami linalikwangua, naye anaongeza muziki asisikie. Mwezi uliopita alikuwa ananipeleka Njombe kutoka Makambako, safari ya chini ya saa moja, simu imebandikwa mbele, njiani hasalimii mtu. Nikamcheka, nikamsimulia habari za pete, magunia na kibwebwe, na jinsi gari la Bwana Miwati lilivyokuwa haliwezi kufika Njombe bila uzito wangu.

Kijana akacheka mpaka akapiga usukani. "Bibi! Ulikuwa na kilo ngapi, thelathini? Baba yako mtu mzima angekaa pale lingeshuka upana wa kidole, basi. Lisingelala. Fundi kama yeye alijua hilo. Alikudanganya, Bibi."

Maisha yangu yote nimesimulia kisa hiki kwa majigambo, kwa watoto, kwa majirani, hata kwenye msiba wa baba mwenyewe nilikisimulia watu wakacheka, na kumbe hakuna siku niliyokielewa. Nje lami ilikuwa inapita haraka, nyeusi, haina lile tuta la katikati wala mifereji, vilima vinakuja na kuondoka.

Nikamwambia mjukuu wangu azime muziki na apunguze mwendo. Nilitaka kuitazama vizuri barabara ambayo baba yangu aliitembea na sanduku langu begani, amevaa koti la kanisani.