Ngao Niliyoifungia Pikapu ya Bwana Salehe

Mwenzenu nimejifunga mwenyewe, tena kwa bolti sita.

Bwana Salehe, muuza vitambaa hapa Iringa, aliniletea pikapu yake ya dizeli. Pua ilikuwa imepondeka kwa kugonga nyati njia ya Ruaha Mbuyuni.

“Fundi, itie ngao mbele, iwe imara.”

Nikafunga bamba nene la chuma kutoka taa hadi taa. Wiki nzima nikajigamba kuwa hata gari la Bwana Shauri, mzungu wa bomani, halina pua kama ile.

Jana mama yake Bwana Salehe akafariki. Leo asubuhi tukampakia kwenye pikapu ile tumpeleke Nyololo, azikwe kabla ya adhuhuri. Baridi ilikuwa kali, betri ikagoma. Bwana Salehe akatoa hendeli chini ya kiti, akaenda mbele kuzungusha injini kwa mkono. Akainama kutafuta tundu la kuichomekea. Akapapasa chuma changu upande hadi upande, kama kipofu anayetafuta mlango.

Akanigeukia, hendeli mkononi.

“Fundi, naichomeka wapi? Mama anangoja.”